Mdomo umekinai, mkono bado unachukua

Wengi wanaofika kwenye kliniki yetu huanza kwa kujilaumu. "Daktari, mimi sina msimamo tu." Ukiwasikiliza bila haraka, kisa hufanana: pakiti ya biskuti ilishawakinaisha, ladha ilipotea kitambo, lakini mkono uliendelea kuingia hadi ukagusa karatasi tupu.

Kisa hicho kinahusu dopamini, kemikali ya ubongo inayopeleka ujumbe kati ya seli, ambayo imezoeleka kuitwa kemikali ya raha. Jina hilo linapotosha, tena linawaumiza watu. Kent Berridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichunguza panya ambao karibu dopamini yao yote ya ubongo ilikuwa imeondolewa. Panya wale waliacha kula, na wangekufa njaa chakula kikiwa mbele yao. Lakini walipodondoshewa maji ya sukari mdomoni, walilamba midomo kama kawaida. Utamu waliuhisi, kilichotoweka ni hamu ya kuufuata. Kwa hiyo kutamani na kufurahia vina njia tofauti ubongoni, na mtu anaweza kukitamani sana kitu ambacho hakimpi tena raha.

Hamu hiyo huamshwa na nini? Mtafiti wa ubongo, Wolfram Schultz, alipima seli za dopamini za kima waliozoea kupewa juisi baada ya ishara fulani. Mwanzoni seli ziliitikia juisi. Baadaye ziliitikia ishara yenyewe, na juisi isipokuja, zilinyamaza kuliko kawaida. Ndiyo maana mlio wa karatasi au saa ileile ya jioni hutosha kumwinua mtu aliyeshiba.

Wapo pia wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaopunguza dopamini na kuvuruga mwendo wa mwili, ambao, wakitumia dawa zinazoiga dopamini, huanza kucheza kamari au kula kupita kiasi, ilhali hawakuwa hivyo. Daktari akipunguza dozi, mara nyingi tabia hiyo hutulia. (Usiache dawa kwa uamuzi wako.) Hao nao tuseme hawana msimamo?

Wataalamu bado hawajakubaliana kuhusu uraibu wa chakula. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa 2013, unatambua uraibu wa kamari. Wa chakula haumo. Mimi sisubiri jina. Mgonjwa akikaa, kabla ya kumuuliza anakula nini, namuuliza hamu ilipoanza alikuwa wapi, saa ngapi, na alikuwa ametoka kuona au kusikia nini. Ayaandike hayo kwa wiki moja, kisha tuanze kuiondoa ishara moja baada ya nyingine.