“Lakini Alikuwa Anakunywa Maji”: Dhana Potofu Kuhusu Joto la Jangwani

Mgonjwa amelazwa chini ya mgunga, anaweweseka na kumtukana rafiki yake wa tangu utotoni. Huyo rafiki ananionyesha chupa tupu. “Lakini daktari, alikuwa anakunywa maji.” Kwake chupa hiyo ni ushahidi kwamba jua halihusiki. Basi itakuwa malaria, au nyama ya jana, au kuna mtu kamfanyia kitu. Chochote kile, mradi kisiwe joto, kwa sababu maji alikunywa.

Kazi yangu ni kufundisha huduma ya kwanza kwa waongozaji na watembezi wanaovuka jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, na kando ya Ziwa Turkana, na mara nyingine natembea nao. Mimi ni tabibu tu, ila kule kila mwenye sanduku la dawa huitwa daktari. Maneno hayo nimeyasikia kwa lafudhi ya Nairobi, ya Mombasa na ya Arusha, na nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

“Ukinywa maji ya kutosha, joto halikuwezi”

Inanikera kuliko zote kwa sababu nusu yake ni kweli. Jangwani bila maji utakufa, hakuna anayebisha. Tatizo ni pale mtu anapoyageuza maji kuwa hirizi: maadamu chupa inashuka, yeye anaendelea kukata mbuga saa saba mchana.

Misuli inapofanya kazi, karibu robo tu ya nguvu inayotumika ndiyo inageuka kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Kwa hiyo mtembezi mwenye begi la kilo kumi na tano mgongoni anachomwa kutoka ndani kabla hata hatujalitaja jua. Hewa ikishapita nyuzi 37, nayo inakuongezea joto badala ya kukupunguzia, na mawe meusi ya volkeno kule Loiyangalani, kando ya ziwa, yanakurushia jingine kutoka chini. Hapo mwili unabaki na njia moja tu, jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takribani kilokalori 580. Ni kazi kubwa, lakini ina kikomo. Ukizalisha joto kwa kasi kuliko jasho linavyoweza kuliondoa, joto la ndani ya mwili litapanda hata kama tumbo linacheza kwa maji. Maji uliyokunywa ni malighafi ya jasho, basi. Hayakupozi kwa kukaa tumboni.

Ndiyo maana kijana mwenye afya, aliyekunywa vizuri tangu alfajiri, anaweza kuanguka kwa kiharusi cha joto akiwa na lita mbili begini. Nyuzi 40 na zaidi ndani ya mwili, akili imevurugika: huo ndio ugonjwa wenyewe, na hauulizi ulikunywa vikombe vingapi.

Kinachomwokoa mtembezi ni saa, mwendo na kivuli. Wagabbra na Warendille wanaosafiri na ngamia hawahitaji kufundishwa hili; wao huondoka kungali giza. Mgeni wa mjini anaamka saa moja, anakunywa chai, anasubiri mayai, anapiga picha, anatafuta chaja, na saa tatu jua likiwa limeshakasirika ndipo anauliza, “Tunaanza?” Nasema kila safari na nitaendelea kusema: ondoka saa kumi na moja alfajiri, saa nne uwe umetua begi, ulale kivulini mpaka saa kumi jioni. Ukiona hilo ni uvivu, kaupande Mlima Kenya, kule baridi itakufaa.

Imani hii ina mguu wa pili, na huo ndio unaonikosesha usingizi. Mtu akishaamini maji ndiyo kinga, akijisikia vibaya anaongeza maji. Kichwa kinauma, anakunywa. Kichefuchefu, anakunywa. Anatapika, rafiki yake anamshika kichwa na kumnywesha mengine. Jasho limetoka na chumvi, yanayoingia ni maji matupu, na figo za mtu aliyechoka kwa mwendo mrefu hazitoi maji kwa kasi ya kawaida, kwa sababu mwili una homoni inayoziamuru zizuie. Sodiamu, yaani chumvi iliyo katika damu, ambayo inatakiwa iwe kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, inashuka. Maji yanaingia kwenye seli, ubongo unavimba. Hiyo ndiyo haiponatremia, na inaua.

Na si ugonjwa wa kubuni. Katika Grand Canyon, Marekani, watembezi wamefikishwa kwa madaktari wakiwa na sodiamu ya chini baada ya kunywa maji siku nzima kwenye joto, na hifadhi ile huwasisitizia wageni wale vitu vyenye chumvi njiani. Katika mbio za Boston za 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 kwenye mstari wa kumalizia, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu. Wengi wa hao wenye sodiamu pungufu walikuwa wameongezeka uzito kwa kukimbia kilomita 42. Wameongezeka! Jeshi la Marekani, ambalo halifahamiki kwa kuwadekeza askari wake, limeweka ukomo wa takribani lita 1.4 kwa saa, hata kwenye joto kali.

Utaitofautishaje na kiharusi cha joto? Mgonjwa wa maji mengi mara nyingi ngozi yake haichomi, vidole vimevimba hadi pete inabana, anatapika, na mwenzake anajisifu kwamba wamemaliza lita nane kabla ya saa sita. Huyo usimpe maji zaidi. Kama ana fahamu na anameza, mpe mchuzi wenye chumvi nyingi au karanga za chumvi. Akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege, tafuta ndege au gari, na usiruhusu mtu yeyote amtundikie dripu ya maji ya sukari.

Kwa anayetembea, ushauri wangu ni ule ule unaowachosha wanafunzi wangu. Kunywa ukisikia kiu. Kwa wengi itakuwa nusu lita mpaka robo tatu kwa saa. Kila unapokaa kunywa, tafuna kitu chenye chumvi. Paketi za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, zinauzwa kila duka la dawa kwa bei ya andazi. Koroga moja kwenye kiasi kamili cha maji kilichoandikwa kwenye paketi, si kwenye nusu yake “ili iwe kali”. Mimi hubeba pia ndimu na chumvi ya mawe, nalamba mchana. Wanaonicheka asubuhi huniomba saa sita.

“Usimmwagie maji ya baridi, atapata nimonia”

Hii tumeinyonya kwa mama zetu, kwa hiyo nitaisema kwa adabu: si kweli. Nimonia huletwa na vijidudu. Mtu mwenye kiharusi cha joto hana muda wa kusubiri ukoo uafikiane. Kila dakika ubongo, ini na figo vinaungua, na nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua.

Mvute kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, kisha mpepee kwa nguvu. Ni kazi ile ile inayofanywa na mtungi: maji yakikauka yanaondoka na joto. Kama gari la msaada lina boksi la barafu, ile barafu si ya soda tena. Loweka kanga na vikoi humo, mfunike, na uvibadilishe kila vinapopata joto. Kama kuna birika la ng'ombe au beseni kubwa, mtumbukize mwili, ukimshikilia kichwa kikae juu ya maji. Mbaridishe kwanza, msafirishe baadaye. Kutoka North Horr hadi hospitali ya Marsabit ni safari ndefu ya barabara mbovu, na ukimpakia garini akiwa anachemka utamfikisha amechelewa.

Na tafadhali, Panadol irudishe mfukoni. Katika malaria ubongo wenyewe umepandisha kiwango cha joto, na dawa inakishusha. Katika kiharusi cha joto kiwango hakikupandishwa, mwili umezidiwa. Dawa haina pa kushika, na ini lililokwisha kuumia linaongezewa kazi. Kipimajoto cha kwapani nacho hudanganya kwa mtu uliyemmwagia maji, kwa hiyo usije ukaacha kumpoza kwa sababu kimesoma 38. Asiye na fahamu usimnyweshe kitu.

“Nimemuuliza, amesema yuko sawa”

Umemuuliza nani? Kiungo kinachokujibu, yaani ubongo, ndicho kile kile kinachopikwa. Mtu anayepata kiharusi cha joto huwa wa mwisho kujua, na wengi hujibu “niko poa” wakiwa wameanza kuyumba.

Ndiyo sababu simruhusu mtu kutembea peke yake, na wanaokwenda wawili wawili siwaruhusu kutembea bega kwa bega wakipiga soga. Mmoja mbele, mmoja nyuma, wabadilishane kila saa. Wa nyuma anatazama miguu ya mwenzake: inaanza kukwaruza chini? Inapishana? Wakipumzika, swali lisiwe “uko sawa?” Uliza linalohitaji akili: mara ya mwisho tulipumzika wapi, ngamia wa mizigo ni wangapi, mia moja ukitoa saba ni ngapi. Akisita, mtembeze hatua kumi kwenye mstari, kisigino mbele ya kidole. Akishindwa, safari ya siku hiyo imekwisha, hata kama kambi inaonekana.

Tabia nayo ni dalili. Mpole akianza matusi, au msemaji akinyamaza, chukulia ni joto mpaka ithibitike vingine. Wenye ndoa ndio wanaonipa shida kuliko wote. Mume anadhani mkewe amenuna, anaamua kumwacha kidogo hasira zishuke, anatangulia mita mia tatu. Bwana, geuka nyuma. Mtanuniana mkifika.

Nyingine, kwa haraka

“Bado anatoka jasho, kwa hiyo si kiharusi cha joto.” Anayeangushwa na joto la mwendo mara nyingi huanguka akiwa amelowa. Ngozi kavu ni ya mzee aliyeachwa kwenye nyumba ya bati siku tatu. Kinyume chake pia kinapotosha: upepo wa Loiyangalani, ule ule uliofanya ijengwe mitambo 365 ya umeme karibu na hapo, unakausha jasho kabla hujaliona. Ngozi kavu yenye unga mweupe wa chumvi maana yake umetoka jasho jingi.

“Tuyawekee maji akiba, tunywe tone tone.” Ukiwa na kiu na maji yapo, kunywa. Cha kuwekea akiba ni nguvu zako: kaa kivulini, subiri jua lipoe. Wapo wanaozimia huku chupa imejaa nusu.

“Vua shati upate hewa.” Watazame wenyeji wa majangwa, wote wamejifunika. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa jangwani Negev, Israeli, mtu akisimama juani mchana na kanzu ya Kibedui, mara nyeusi, mara nyeupe. Joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa, kwa sababu nguo pana hupitisha hewa ndani na kulitoa joto kabla halijaufikia mwili. Basi shati la mikono mirefu, pana, na kilemba. Mimi sitoki bila kikoi kilicholoweshwa shingoni.

“Mimi wa Mombasa, joto nimelizoea.” Umezoea kukaa ndani ya joto. Kutembea ndani yake kwa muda wa saa sita na mzigo ni habari nyingine. Mwili unahitaji kama siku kumi hadi kumi na nne za kufanya kazi kwenye joto ili ujirekebishe, na ukirudi ofisini kwenye kiyoyozi unaanza kusahau ndani ya wiki chache.

“Tukiishiwa, ziwa si lipo?” Lipo, na ni magadi. Wavumbuzi wa Ulaya Teleki na von Höhnel walipolifikia Machi 1888 na wapagazi wao, wengi wao watu wa pwani, walilikimbilia kwa kiu na kukuta maji yana chumvi. Wapo wakazi wanaoyanywa kwa kukosa mengine, na floraidi iliyomo huharibu meno na mifupa. Kuogea yanafaa, ukiulizia kwanza mamba wako upande gani. Kwa makundi yangu hesabu ni lita nane kwa kila mtu kwa siku, pamoja na ya kupikia na ya kummwagia atakayezidiwa, na mzigo huo ni wa ngamia.