Watahiniwa 20 na asilimia zao: jinsi ya kusoma matokeo ya shule ndogo

Mji mdogo wenye sekondari moja ya umma hausubiri maelezo marefu matokeo ya mtihani yanapotoka. Shule imepanda, au imeshuka. Mwaka huu mkuu wa shule anapongezwa, mwakani wanataka ahamishwe. Sisi tunaoshughulika na takwimu za elimu tunaomba hukumu hiyo icheleweshwe kidogo.

Chukua shule yenye watahiniwa 20. Mmoja akiugua na kufeli, ufaulu umepungua kwa pointi 5 za asilimia. Kwenye watahiniwa 400, huyo mmoja ni robo ya pointi. Shule hiyo ndogo ikiwa na wastani wa asilimia 80 kwa miaka mingi, si ajabu ipate 70 mwaka mmoja na 90 mwaka mwingine, bila chochote kubadilika darasani. Ndiyo maana shule ndogo hujazana kileleni mwa orodha na mkiani pia. Mtakwimu Howard Wainer alilionyesha hilo kwa shule za Pennsylvania, Marekani, enzi ambazo wafadhili walikuwa wakimwaga fedha kugawa shule kubwa ziwe ndogo. Walikuwa wametazama kileleni tu. Jumlisheni watahiniwa wa miaka mitatu hadi mitano, ndipo mlinganishe.

Halafu, asilimia ya nani? Waliingia kidato cha kwanza 60, wakafika mtihani 40, wakafaulu 36. Tangazo litasema asilimia 90. Ukihesabu tangu siku ya kuandikishwa, ni 60. Kweli, si wote 20 waliopotea. Wengine walihama na wazazi. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2008 kuhusu kiwango cha kuhitimu ilitaka anayehama atolewe kwenye hesabu kwa uthibitisho wa maandishi tu. Aliyeacha shule alibaki humo. Kwa maoni yangu, hakuna safu ya rejista inayostahili kukaguliwa kuliko ile ya “amehama”. Mdondoko hujificha hapo.

Uandikishaji nao hushuka kwa sababu ambazo mara nyingi mwalimu hana mkono ndani yake: uzazi umepungua, kiwanda kimefungwa, familia zimefuata ajira. Idadi ya watoto wa darasa la kwanza huitangaza hali hiyo miaka kadhaa mapema, ila bodi chache huitazama. Pale ruzuku inapotolewa kwa kila mwanafunzi, darasa la 30 likibaki na 24 linapoteza moja ya tano ya fedha, ilhali mwalimu ni yule yule na paa ni lile lile. Mara nyingi linalokatwa kwanza ni somo la wachache, mathalani fizikia. Wazazi wenye uwezo huhamisha watoto walifuate somo hilo kwingine, na idadi inashuka tena.

Shule mbili jirani zinaweza kugawana mwalimu mmoja wa fizikia, siku mbili huku na tatu kule, mradi ratiba zipangwe pamoja kabla mwaka haujaanza. Akishaondoka, kumpata mwingine ni kazi.