Mfiwa hadaiwi maana

Wiki hii nimeletewa tena mfiwa na ndugu zake, na ombi ni lile lile: nimsaidie aone Mungu alikusudia nini, ndipo atatulia. Nimelisikia mara nyingi mno, sasa nalijibu kwa maandishi.

Wanaamini kwamba mtu hawezi kuendelea na maisha mpaka kwanza aelewe kwa nini kifo kilitokea na kimemfundisha nini. Majirani wanasema hivyo, viongozi wa dini wanasema hivyo, hata washauri nasaha wenzangu wenye vyeti. Sina ugomvi na dini. Anayetamka "kazi ya Mungu haina makosa" kutoka moyoni mwake, maneno yakamtuliza, sina haki ya kumpokonya. Ugomvi wangu ni pale maneno hayo yanapotiwa kinywani mwa mama aliyemzika mwanawe juzi, kwa sababu kilio chake kimetushinda sisi kukisikiliza. Anaambiwa mtoto amekuwa malaika, Mungu alimpenda zaidi. Yeye halioni hilo. Basi usiku analala na mambo mawili: mwanawe hayupo, na imani yake imeonekana haba. Hilo la pili tumembebesha sisi.

Mwaka 2000 mwanasaikolojia Christopher Davis na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wazazi waliofiwa ghafla na watoto wachanga, na watu waliofiwa na mwenzi au mtoto katika ajali za barabarani. Hata baada ya zaidi ya mwaka mmoja, chini ya nusu yao walisema wameona maana yoyote katika kifo kile. Walioiona hawakuliweka swali kando, waliendelea kulitafakari. Na wengine, wala si wachache, hawakuitafuta kabisa, na hali zao zilikuwa nzuri kiasi. Hao wa mwisho ndio ninaotaka mwatazame. Hawakuwa na moyo mgumu. Walifiwa, wakazika, wakaishi, bila kudai kifo kijieleze.

Kinachoniudhi zaidi ni kuchanganya maana ya kifo na maana ya maisha yaliyobaki. Chukua mjane ambaye mumewe aligongwa akiwa kwenye bodaboda. Muulize miaka kadhaa baadaye kifo kile kilikuwa na maana gani, atakujibu hakikuwa nayo. Dereva wa lori alikuwa na haraka, basi. Lakini kila Januari anamlipia shemeji yake ada, kwa kuwa mumewe aliahidi kumsomesha. Ada ile ina maana. Ndiyo inayomwamsha alfajiri akakaange maandazi. Ukimlazimisha aseme mumewe alikufa ili yeye awe mwanamke shupavu, umemdhulumu yeye na umemdhulumu marehemu. Ushupavu angeuacha leo hii arudishiwe mtu wake.

Ile ahadi anayoitimiza ni uhusiano unaoendelea. Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1917 kwamba kazi ya msiba ni kujinasua kwa marehemu, na kwa miongo mingi wataalamu walimfuata. Mwaka 1996 mtafiti wa misiba Dennis Klass na wenzake waliweka wazi kwamba wafiwa wengi hawajinasui, na si ugonjwa. Kwetu tunaowapa wajukuu majina ya babu zao na kusoma hitma, hilo halikuwa jipya.

Zile hatua tano za huzuni nazo (kukana, hasira, kujadiliana, unyong'onyevu, kukubali), kwa ufupi: daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, huko Chicago. Hakuwa akiwapangia wafiwa ngazi ya kupanda. Wanaokwenda karibu zaidi na ukweli ni Stroebe na Schut, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, ambao mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya uchungu na shughuli za maisha. Watani wanajua kazi hiyo vizuri: wanafika msibani, wanaiga mwendo wa marehemu, mfiwa anacheka machozi hayajakauka, kisha analia tena.

Nina mashaka yangu, na nayasema. Katika utafiti ule wa Davis, walioipata maana walikuwa na nafuu kuliko walioitafuta wakaikosa. Je, maana iliwapa nafuu, au nafuu ndiyo iliyowawezesha kuiona? Sijui, na swali hilo huingia nami kwenye kila kikao. Pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu huzuni ya muda mrefu kuitwa ugonjwa kuanzia miezi 6, wa Wamarekani unasema miezi 12 kwa mtu mzima. Tunaambiwa tupime kwa desturi za jamii. Katika ukoo ambao mjane mmoja anakaa eda na wifi yake anarudi dukani baada ya matanga kuanuliwa, nipime kwa desturi ya nani?

Kwa hiyo, ndugu mnaowaleta wafiwa kwangu, acheni kuwauliza wamejifunza nini. Waulizeni marehemu aliacha jambo gani halijaisha, na kama wanataka kuliendeleza. Wakisema hawataki, iwe hivyo. Ila mkiona mtu hali chakula, halali siku nyingi mfululizo, au anasema afadhali amfuate marehemu, msimwache peke yake, na mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Hilo halingoji arobaini.