Kuongoza msimu si kuwa bingwa wa besiboli

Wengi tuliozoea ligi ya soka, ambako anayeongoza msimamo siku ya mwisho ndiye bingwa, tunadhani besiboli ya Marekani nayo iko hivyo. Sivyo. Mechi 162 za msimu wa kawaida huamua tu nani anaingia mtoano. Tangu 2022 zinaingia timu 12, sita kutoka kila moja ya ligi mbili, na ushindi wa nyuma hauhesabiwi tena.

Tazama mwaka 2023. Atlanta Braves walishinda mechi 104, Baltimore Orioles 101, Los Angeles Dodgers 100. Wote walitolewa kwenye mfululizo wao wa kwanza, yaani mechi kadhaa dhidi ya mpinzani mmoja. Orioles na Dodgers hawakuambulia hata mechi moja. Fainali wakakutana Texas Rangers wenye ushindi 90 na Arizona Diamondbacks wenye 84, Rangers wakabeba kombe kwa kushinda mechi nne dhidi ya moja. Na mechi zote 11 walizocheza ugenini katika mtoano ule walishinda. Hilo bado linanistaajabisha.

Si bahati tupu. Msimu mrefu unadai warushaji (wanaomtupia mpigaji mpira) watano wa kuanza mechi, maana mkono wa mrushaji lazima upumzike siku kadhaa. Mtoano una siku za mapumziko katikati, hivyo kocha huwategemea watatu au wanne walio bora, na timu ya wastani yenye warushaji wawili wakali inakuwa hatari. Seattle Mariners walishinda mechi 116 mwaka 2001, na hata fainali hawakufika: New York Yankees waliwatoa kwa mechi 4-1.