Protini kukunjuka si protini kukatika

Juzi hapa Mikindani mama mmoja alikuwa anamenyewa yai la kuchemsha. Kachumbari ilishawekwa, mtoto keshanyoosha mkono. Mzee tuliyekaa naye benchi moja akamwambia, "Mwanangu, hilo halina kitu, moto umeshaua protini yote. Mpe bichi." Mama akasita. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, hata kwa watu waliosoma sayansi.

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, yaani molekuli ndogo zilizoungana mojamoja kama shanga, na mnyororo huo ndio polipeptidi. Ukiwa ndani ya maji hujikunja ukapata umbo lake, na kazi yake hutegemea umbo hilo. Joto au asidi ikilegeza vishikizo dhaifu vinavyoshika mikunjo, mnyororo hukunjuka. Maana ya kukunjuka ni hiyo tu.

Kinachoniudhi ni neno tunalolitumia. Tumezoea kusema protini "imeharibika", na kutoka hapo hadi "imekufa" si mbali. Wakati Kiswahili kina kitenzi chake kamili! Tazama hiyo u: kunja, kunjua, funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua. Sauti moja inatendua tendo, kitu chenyewe kinabaki kizima. Ukikunjua mkeka, hakuna ukindu uliopungua. Kukata ni habari nyingine kabisa: ukiukata mkeka, una vipande, na hata ukivikunja namna gani hupati mkeka ule.

Wanakemia wameliona hili waziwazi kwa polipeptidi wanazotengeneza wenyewe, ambazo hurudia asidi amino moja tangu mwanzo hadi mwisho. Chukua ile ya asidi ya glutamiki, mojawapo ya asidi amino. Kwenye maji yenye asidi hujisokota kama springi, msokoto uitwao alfa heliksi, ambao mwanakemia Linus Pauling na wenzake waliueleza mwaka 1951: asidi amino 3.6 kwa kila mzunguko. Punguza asidi, na matawi yake ya pembeni yanapata chaji hasi, yanasukumana, msokoto unafumuka. Rudisha asidi, unajisokota tena. Ile ya lizini, asidi amino nyingine, huenda kinyume: kwenye maji ya kawaida imelegea, kwenye alkali kali inajisokota. Huko kwenda na kurudi kote hakuna kiungo cha mnyororo kilichokatika. Na si za kutengenezwa tu. Christian Anfinsen wa Marekani alikikunjua kimeng'enya cha ribonukliazi, ambacho nacho ni protini, kwa kemikali iitwayo urea, akafungua na madaraja yake ya salfa, yaani viungo vinavyoshikanisha sehemu za mnyororo; alipoiondoa urea na kuyaacha madaraja yajifunge upya, kikajikunja chenyewe na kurudi kazini. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972.

Mtu ataniuliza: mbona yai lililochemka halirudi kuwa ute? Swali zuri. Kwenye ute minyororo imesongamana, kwa hiyo ikikunjuka hunasana yenyewe kwa yenyewe kabla haijapata nafasi ya kujikunja upya. Weupe ule unaouona ni mnaso huo. Asidi amino zote zimo. Maabara zikitaka kuukata mnyororo wote hadi asidi amino mojamoja, huchemsha protini katika asidi ya haidrokloriki kali, nyuzi 110, kwa saa 24. Sufuria ya dakika kumi haifiki huko.

Kazi ya kukata ni ya tumbo, na tumbo huukata kwa urahisi zaidi mnyororo uliokwisha kukunjuka. Ndiyo maana yai lililopikwa humfaa mtoto kuliko bichi, ambalo pia laweza kuwa na bakteria wa salmonela.

Mzee wangu nilimweleza haya taratibu, kwa mkeka uleule. Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia yule mama, "Mpe tu, limekunjuka."