Pesa 64 kwenye daftari la hisabati: ufafanuzi kwa wazazi wa Bagamoyo

Tangu shule zifunguliwe, sisi wathibiti ubora wa shule tumepokea lalamiko moja lenye sura nyingi: mtoto amerudi na daftari la hisabati limejaa rupia (fedha ya zamani), vibaba na pishi (vipimo vya zamani vya nafaka), mzazi anauliza kama mwalimu amekosa la kufundisha. Wapo waliotaka ukurasa uchanwe.

Mwalimu hajakosea. Mtoto hafundishwi kununua kwa rupia, anafundishwa sehemu. Chini ya Wajerumani, rupia moja ilikuwa pesa 64 (pesa ilikuwa jina la sarafu ndogo) hadi mwaka 1904, ilipogawanywa upya kuwa heller 100 (hela tunayoitamka kila siku imetoka hapo). Mpe mtoto 64 agawe nusu kwa nusu: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mara sita, hakuna kipande kilichobaki. Mpe 100: 50, 25, kisha anakwama kwenye 12 na nusu. Thumni ya rupia, yaani sehemu moja ya nane, iliyokuwa pesa 8 kamili sasa haikatiki. Hapo mtoto atauliza mwenyewe: kwa nini basi 100? Swali hilo ndilo kipindi chenyewe. Tarakimu zetu hupanda kwa kumi kumi, na thumni katika mtindo huo huandikwa 0.125. Desimali aliyoikariri bila kujua ilikotoka imepata kwao. Kibaba nacho ni robo ya pishi, kama bibi yake anavyojua bila daftari.

Sifuri ndiyo inayotuletea ugomvi zaidi. Mwanafunzi akiambiwa aandike elfu tano na saba, huandika 50007, na nyumbani anaitwa mzembe. Jamani, si uzembe! Ameandika alichosikia: 5000, halafu 7. Wababeli wa kale nao mwanzoni waliacha pengo tu pasipo na kitu, alama ikaja baadaye. Mwanahisabati Brahmagupta wa India aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa sifuri mwaka 628, na jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu, maana yake tupu. Mtoto anayejua kwamba sifuri inashika nafasi iliyo tupu atasema mwenyewe: elfu tano, mamia hakuna, makumi hakuna, saba. 5007. Kofi halimfundishi hilo.

Ofisi haisemi kila kipindi kiwe hivi. Jedwali la kuzidisha litaendelea kukaririwa.

Mwenye lalamiko aanze kwa mwalimu wa somo, baada ya vipindi, si katikati ya kipindi. Asiporidhika aende kwa mwalimu mkuu, kisha kwa Afisa Elimu Kata, ndipo aje kwetu na barua yenye jina la shule, darasa, tarehe ya kipindi na nakala ya ukurasa husika. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp si barua. Mwalimu akithibitika kukiuka maadili ya kazi, mamlaka ya nidhamu huchukua hatua, kuanzia onyo hadi kufukuzwa kazi. Kuchora pishi ubaoni hakumo. Kuwauzia wanafunzi kitabu kisicho na ithibati ya Kamishna wa Elimu kumo, na hilo tungefurahi kuletewa.

Mzazi anayempa mtoto kibaba cha nyumbani apeleke darasani aandike jina chini yake kwa rangi isiyofutika. Viwili vimeshapotea, na wenyewe wameleta madai ofisini kwetu.