Kozi za bure za vyuo vikuu mtandaoni: yanayosemwa na yalivyo

Kila nikimwambia mtu kwamba anaweza kusikiliza mhadhara wa MIT akiwa Kigogo au Kakamega bila kulipa hata senti, narudishiwa majibu yale yale. Mengine niliyaamini hata mimi kabla sijakaa chini na daftari. Yanawazuia watu wenye vichwa vizuri wasianze, au yanawafanya waanze vibaya, na hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

"Cha bure ni makombo, kozi zenyewe wamezificha"

Aprili 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka mtandaoni nyenzo za karibu kozi zake zote, zisomwe na yeyote. Mpango huo unaitwa OpenCourseWare. Ulianza kwa majaribio mwaka 2002 ukiwa na kozi 50, na leo zimepita 2,500. Mazoezi na mitihani iliyomo ni ile waliyofanya wanafunzi wa pale pale chuoni.

Chukua kozi namba 18.06, aljebra ya mstari, ya Profesa Gilbert Strang. Video zake zilirekodiwa mwaka 1999: mzee, ubao na chaki. Mhadhara wa kwanza haufiki dakika 40, na unaanza na milinganyo miwili ambayo mwanafunzi wa sekondari haimtishi: 2x − y = 0 na −x + 2y = 3. Shuleni tulizoea kuchora mistari miwili na kutafuta inapokatana, yaani x ni 1 na y ni 2. Strang anaichora. Kisha anaisoma milinganyo ile ile kwa kushuka chini. Namba zinazoandamana na x ni 2 na −1, hiyo ni safu wima ya kwanza. Za y ni −1 na 2, hiyo ni ya pili. Sasa swali limegeuka: nichukue safu ya kwanza mara ngapi na ya pili mara ngapi ili nipate 0 na 3? Ya kwanza mara moja, ya pili mara mbili. Jumlisha: 2 − 2 ni 0, −1 + 4 ni 3. Jibu ni lile lile, ila ukiwa na milinganyo tisa yenye herufi tisa mchoro wa mistari haukusaidii tena, na swali hili la pili bado linaulizika. Nilirudia kipande hicho mara tatu usiku ule. Nilikuwa nimefaulu hesabu shuleni bila kujua kwamba kuna upande huo wa kutazamia.

Hata hivyo, si kila kozi ina video. Nyingi ni maandishi ya PDF na mazoezi, na chache ni orodha ya mada na vitabu tu. Anayejisomea peke yake atafute kwanza zile zenye herufi SC mwishoni mwa namba, zilizoanza kutolewa mwaka 2011 mahsusi kwa watu kama sisi. Katika 18.06 ya kawaida mazoezi mengi yanakuelekeza kwenye kitabu cha Strang, ambacho kinauzwa. Katika 18.06SC maswali yameandikwa yote, na majibu yake yapo.

"Kusoma ni kuangalia video"

Hili hakuna anayelitamka, lakini ndivyo tunavyofanya. Niliangalia mihadhara kumi mfululizo, nikawa naitikia kwa kichwa, kila kitu kinaeleweka. Nilipofungua mtihani wa kwanza nilikaa saa nzima na swali la kwanza na sikuandika kitu. Mwalimu hodari ana hatari hiyo: anapofanya yeye, unahisi umefanya wewe. Nikarudi mhadhara wa pili, safari hii kwa masharti: nikimaliza kusikiliza nafunga simu, naandika upya kwenye daftari nilichokumbuka, nafanya maswali bila kuchungulia majibu hadi siku ya pili. Mhadhara mmoja ukawa unakula siku nne. Huo ndio mwendo wake wa kweli, na mtu asikudanganye kwamba kozi ya muhula mzima inamalizwa kwa wikiendi mbili.

"Ukimaliza unapewa digrii"

Hupewi. OpenCourseWare haitoi cheti cha aina yoyote, hata kujiandikisha hakuna. Majukwaa mengine yanatoa cheti, na hapo ndipo neno "bure" linapobadilika maana: katika kozi nyingi za edX, anayesoma bila kulipa hafunguliwi mitihani yenye alama, na muda wake wa kusoma una kikomo. Kozi ya kompyuta ya Harvard, CS50, ina njia zote mbili. Ukikamilisha mazoezi na mradi wa mwisho unapata cheti chao bila malipo, na kile kinachothibitishwa kupitia edX unakilipia. Ila cheti cha kozi moja si shahada, na mwajiri anayetaka shahada inayotambuliwa na TCU au CUE, tume za vyuo vikuu za Tanzania na Kenya, hatakipokea badala yake.

"Wengi wanaacha njiani, maana yake hazifai"

Mwaka 2012 MIT ilifungua kozi ya saketi za umeme kwa dunia nzima. Walijiandikisha watu kama 155,000 na waliopata cheti ni 7,157. Watu wakasema imeshindwa. Lakini waliopata angalau alama moja katika zoezi la kwanza walikuwa kama 26,000 tu. Wengine waliandika majina kama mtu anayechungulia dukani. Na hao 7,157 ni wengi kuliko profesa yeyote atakavyowafaulisha darasani mwake kwa miaka mingi.

"Bila intaneti ya kasi huwezi, na kupakua ni wizi"

Kwenye OpenCourseWare kila kozi ina sehemu ya kupakua. Faili la kozi nzima lina maandishi, mazoezi na majibu bila video, kwa hiyo halitamaliza bando lako. Video unapakua moja moja, ukiwa na bando la usiku au ukipita mahali penye Wi-Fi, na baada ya hapo huhitaji mtandao.

Na si wizi. Leseni yake inaruhusu kunakili, kugawa na hata kutafsiri, mradi utaje chanzo, usifanyie biashara, na kazi yako uitoe kwa masharti yale yale. Mwalimu anaweza kuweka kozi nzima kwenye flashi na kuwapa wanafunzi wake. Mimi nimeanza na maswali ya somo la kwanza la 18.06SC, nikiyaweka kwa Kiswahili: safu mlalo, safu wima, mlinganyo. Ni karatasi mbili tu hadi sasa, na vijana wanne wa kidato cha sita hapa mtaani wameshazipiga kopi.